Kuridhika kwa Msomaji si Hoja

Maktaba za vyuo vikuu hupima huduma ya kuazimana vitabu kwa kuwauliza wasomaji iwapo wameridhika. Kipimo hicho ni batili: hujibu aliyekipata kitabu, ilhali aliyekata tamaa hahesabiwi. Utafiti wa Günter Wagner kuhusu Waluhya, wakiwamo Wabukusu, ulitoka katika juzuu mbili, 1949 na 1956. Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, kilipewa hati mwaka 2015. Chuo kichanga hakinunui kilichokwisha kuadimika madukani, sharti kiazime. Mwanafunzi wa uzamili atokaye Kitale akirudi mikono mitupu, hojaji haimwoni. Yahesabiwe, basi, maombi yasiyotimizwa. Uhakiki usioifikia matini ni porojo, hata wasomaji wote wakiridhika.