Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Aliyepona TB afundishwe kusafisha kifua

Mheshimiwa Waziri,

Mama yangu alimaliza dozi ya TB ya miezi 6 bila kuruka hata siku moja. Muuguzi alifunga kadi yake ya matibabu, akampongeza. Na kweli TB ilikwisha. Lakini kila alfajiri alikohoa mpaka anashika ukuta, na kikopo cha makohozi hakikutoka chini ya kitanda. Majirani wakapunguza kuja. Kituoni alipimwa tena na tena, TB haionekani, akarudishwa na dawa ya kikohozi.

Miaka 2 baadaye ndipo mtaalamu wa fiziotherapia alipotueleza: TB huweza kuacha makovu kwenye mapafu, mirija ya hewa ikatanuka, makohozi yakatuama humo na kuzaa maambukizi mapya kila mara. Makohozi hayo yanatakiwa yatolewe kila siku.

Alimfundisha kwa nusu saa tu. Kwanza apumue taratibu, mabega yametulia. Kisha avute pumzi ndefu mara 3 au 4. Halafu atoe hewa kwa nguvu, mdomo wazi, kama mtu anayepulizia kioo cha miwani kabla ya kukifuta. Akachukua chupa ya plastiki, akatia maji kina cha sentimita 10, akazamisha ncha ya bomba la mpira na kumwambia mama apulize polepole. Uzito wa maji unazuia mirija isijifunge, hewa ikapata njia ya kupita nyuma ya makohozi na kuyasukuma. Chupa huoshwa na maji hubadilishwa kila siku. Siku hizi naamshwa na mlio wa mapovu, kama sufuria inayochemka chumbani kwa mama, na kikohozi kinachofuata ni kifupi.

Mheshimiwa, Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Wangapi wamefungiwa kadi huku vifua vimejaa? Fiziotherapia wengi tunaijua kwa waliopooza na waliovunjika miguu. Hata baadhi ya watumishi hawafikirii kumpeleka huko mwenye kifua.

Naomba agizo moja. Siku ya kufunga kadi, mgonjwa aulizwe kama bado anakohoa makohozi. Akisema ndiyo, apewe rufaa ya fiziotherapia. Pasipo na mtaalamu huyo, muuguzi wa kliniki ya TB afundishwe kazi hii, na chupa ya kwanza itengenezwe palepale, mgonjwa akiona.

Binti wa mgonjwa,
Morogoro