Maji Yanayonuka Dawa

Leo nataka kuyatetea maji yanayonuka dawa. Hapa Mji wa Kale, kila maji ya mfereji yakija na harufu ya klorini malalamiko hayaishi: eti chai imeharibika, wali hauliki, heri maji ya kisima. Mimi ninayoyaogopa ni maji ya mfereji yasiyonuka kitu.

Kisiwa chetu hakina mto. Maji yatoka mbali: Mzima kule Tsavo, bomba la kilomita 220 hivi, na mengine Baricho, Marere na Tiwi. Dawa hutiwa kabla hayajatufikia, na njiani hupungua. Joto huila, kutu huila, utando ulioganda bombani nao huila. Tena maji yetu ni ya mgao. Bomba likikaa bila nguvu ya maji, penye ufa hunyonya maji machafu ya ardhini, na vyoo vyetu vya shimo twajua viko wapi!

Shirika la Afya Duniani lasema maji yafikapo mferejini yawe yamebaki na dawa angalau miligramu 0.2 kwa lita. Yafikapo, jamani, si yatokapo.

Wazee watasema visima vya misikitini vimewalea. Sikatai, na maji yake ni baridi. Lakini jiwe la kisiwa hiki ni la matumbawe, limejaa matundu, na shimo la choo halijui mpaka wa jirani. Kisima kikitiwa dawa leo, baada ya siku chache haimo. Ya kuogea sawa. Ya kunywa tuchemshe. Na yale ya mkokoteni je? Ukinunua mtungi, hujui umejazwa wapi.

Basi kampuni ya maji ipime mifereji ya mwisho kabisa, Kibokoni na Mkanyageni, siyo tangi kuu peke yake, kisha ibandike tarakimu mahali ambapo mama anayeteka maji atazisoma. Mlipa bili ana haki hiyo.

Nasi tusikae kitako. Kipimo ni rahisi: kidonge hutiwa katika maji kidogo, yakigeuka rangi ya waridi dawa imo, na rangi ikikolea ndivyo ilivyo nyingi. Namwomba mwalimu wetu wa kemia tupime mfereji wa shule kila Jumatatu asubuhi, kwani Jumamosi na Jumapili maji hulala tangini, na tangi letu liko juani.