Yanga ina kocha wa tano ndani ya mwaka, lakini inachomtafuta ni Aucho

Mashabiki wa Yanga wana mabishano mapya, na safari hii hayamhusu mwamuzi wala Bodi ya Ligi na ratiba zake. Ni mfumo. Tangu Mreno Pedro Gonçalves atambulishwe mwishoni mwa Oktoba 2025, kila kijiwe cha Wananchi kina makocha wake wawili watatu. Mmoja anataka timu irudi kwenye kukaba kwa juu kama enzi za Miguel Gamondi. Mwingine anataka Prince Dube na Andy Boyeli waanze pamoja pale mbele, mabeki wa wapinzani wakose pa kushika. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa, anasema mfumo siyo ishu, ishu ni watu.

Huyo wa tatu ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa ukimuuliza watu gani, atakutajia washambuliaji. Tatizo la Yanga halijaanzia huko.

Kwanza hesabu. Novemba 15, 2024, Gamondi alifungashiwa virago. Akaja Sead Ramovic, akakaa hadi mwanzoni mwa Februari 2025 akaondoka kwenda CR Belouizdad ya Algeria. Akaingia Miloud Hamdi, akamaliza msimu na makombe, naye akaenda zake. Julai akatangazwa Mfaransa Romain Folz, akatimuliwa Oktoba 18 saa chache baada ya kipigo cha 1-0 kutoka kwa Silver Strikers kule Lilongwe, Malawi. Patrick Mabedi akashika timu kwa muda, Silver Strikers wakapigwa 2-0 Dar es Salaam, tiketi ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikapatikana. Kisha Gonçalves. Ni makocha wakuu watano, bila kumhesabu Mabedi, na mwaka ulikuwa haujatimia tangu Gamondi aondoke.

Ukimtazama Folz peke yake, kuna kitu kinashangaza. Katika mechi za mashindano alipoteza moja tu, hiyo hiyo iliyomfukuzisha kazi. Aliifunga Simba 1-0 kwenye Ngao ya Jamii Septemba 16. Aliitoa Wiliete ya Angola kwa kuipiga nje ndani, 3-0 kwao na 2-0 nyumbani. Pamba Jiji alikula tatu. Kilichofuata ni suluhu na Mbeya City pale Sokoine, na hapo ndipo kelele za kumtaka aondoke zilipokuwa wimbo. Yaani mashabiki walimchoka kocha ambaye alikuwa hajafungwa hata mechi moja.

Kwa mtu wa mbali hilo ni utovu wa shukrani. Lakini waliokuwa wanakaa jukwaani walikuwa wanaona kitu. Timu ilikuwa inapiga pasi nyingi nyuma, kutoka kwa Ibrahim Bacca kwenda kwa Dickson Job, kutoka kwa Job kurudi kwa Djigui Diarra, halafu mpira unapigwa pembeni na kila mtu anaanza kukimbia upya. Kikosi cha kwanza kilikuwa kinabadilika mechi hadi mechi. Pacome Zouzoua alikuwa anashuka hadi katikati ya uwanja kuomba mpira, jambo ambalo linapendeza kwa macho lakini linamweka mchezaji wako hatari zaidi mita 50 kutoka golini. Shabiki hajui kuchora hayo kwenye ubao, ila anajua timu yake inapokosa ladha. Akasema kocha hana mfumo.

Mfumo alikuwa nao. Ambacho hakuwa nacho ni kiungo wa kuubeba.

Yanga iliyoitandika Simba 5-1 Novemba 5, 2023 inakumbukwa kwa Maxi Nzengeli, Pacome na Stephane Aziz Ki, na ni haki yao. Lakini nyuma yao alisimama Khalid Aucho, Mganda aliyetua Jangwani mwaka 2021. Nasreddine Nabi alimtumia, Gamondi alimtumia, Ramovic na Hamdi nao walimtumia kila alipokuwa mzima. Walikuwa makocha wanne wenye falsafa tofauti, kila mmoja akiwa na kauli mbiu yake (ya Ramovic ilikuwa ile ya gusa, achia, twende kwao), na wote walipofika kwenye namba 6 waliandika jina lile lile.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Aucho alikuwa anakwenda kuchukua mpira kwa Bacca na Job huku mtu akiwa mgongoni, anageuka nao, halafu anampa Aziz Ki au Pacome akiwa anatazama goli la wapinzani. Hiyo ndiyo pasi iliyokuwa inaruhusu kila kitu kingine. Mabeki wa pembeni walikuwa wanapanda mapema kwa sababu walijua mpira hautapotea pale katikati. Mudathir Yahya alikuwa anachomoka na kwenda kufunga kwa sababu nyuma yake kuna mtu amebaki. Na mpira ulipopotea, Aucho alikuwa ameshasimama mahali unapoangukia. Alikuwa hakimbii sana, na wapo waliomlalamikia kwa hilo. Alikuwa hahitaji.

Dirisha kubwa la 2025 likamchukua, akatua Singida Black Stars, ambako Clatous Chama naye alienda. Aziz Ki, mfungaji bora wa ligi msimu wa 2023/24 kwa mabao 21, alikuwa ameshauzwa Wydad ya Morocco tangu Mei. Kennedy Musonda naye hayupo. Beki wa kulia Yao Kouassi, aliyekuwa nusu ya mashambulizi ya Gamondi, alikosa sehemu kubwa ya msimu wa 2024/25 kwa majeraha.

Walioingia siyo watu wadogo. Moussa Balla Conte kutoka CS Sfaxien ana mapafu ya farasi na anajua kunyang'anya mpira. Lassine Kouma ana mguu mtamu. Celestin Ecua, Mohamed Doumbia na Boyeli ni usajili ambao klabu nyingi za ukanda huu zingeupigia picha wiki nzima, na kumtoa Mohamed Hussein 'Tshabalala' Msimbazi ni habari ambayo hadi leo kuna watu wa upande wa pili hawataki kuisikia. Lakini ukiwapanga wote ubaoni, utaona wengi wao ni wachezaji wa kwenda mbele au wa kukimbia. Wa kusimama, kupokea na kugeuka ni nani? Duke Abuya anaweza, ila akiwekwa pale chini unapoteza zile mbio zake za kuingia kwenye boksi. Mudathir vilevile. Conte ni mzuri zaidi timu ikiwa haina mpira kuliko ikiwa nao.

Kumwachia mchezaji wa miaka 32 siyo kosa. Klabu kubwa zinafanya hivyo kila mwaka, na Aucho wa msimu wa 2024/25 hakuwa yule wa 2022. Ila kumwachia bila kuleta wa aina yake ndiko kubadili mfumo kwenyewe, hata kama karatasi ya mechi bado inaandika 4-2-3-1 ile ile. Folz alikuta hilo limeshafanyika. Gonçalves naye alilikuta hivyo hivyo, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Hapa wapo mashabiki wenye hoja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema kubadili makocha hakujawahi kuiumiza Yanga. Msimu wa 2024/25 ulikuwa na makocha watatu, na bado ubingwa ulibaki Jangwani kwa mara ya nne mfululizo kwa pointi 82. Timu ilipoteza mechi mbili tu za ligi, kwa Azam na kwa Tabora United, na zote zilikuwa mwanzoni mwa Novemba chini ya Gamondi. Alipoondoka, haikufungwa tena kwenye ligi hadi mwisho. Juni 25 Simba ikachapwa 2-0 kwenye dabi iliyoamua bingwa, siku nne baadaye Kombe la Shirikisho likabebwa. Kwa hesabu hiyo, nani atawaambia wasiimbe kocha aondoke?

Jibu liko upande wa Afrika. Ramovic alipewa timu, na siku 11 baada ya Gamondi kuondoka alikuwa amesimama kwenye mstari kwa Mkapa akicheza na Al Hilal ya Sudan ya Florent Ibenge. Akafungwa 2-0. Akaenda Algeria, MC Alger nao wakampiga 2-0. Timu ilipoanza kumwelewa, ilitoka sare na TP Mazembe ugenini, ikaipiga 3-1 nyumbani, ikaenda kuifunga Al Hilal 1-0. Mechi ya mwisho ikahitaji ushindi dhidi ya MC Alger, ikaisha 0-0. Yanga ikamaliza na pointi nane, Waarabu wakapita na tisa. Pointi moja. Zile mechi mbili za kwanza, alizocheza kocha ambaye bado alikuwa anajifunza majina, ndizo zilizoigharimu Yanga robo fainali.

Ligi ya ndani ina mechi 30 na wapinzani wengi ambao Yanga inaweza kuwafunga hata ikiwa inacheza ovyo. Makundi yana mechi sita. Huko ukipoteza wiki mbili za kuzoeana, umepoteza theluthi ya safari.

Ndiyo maana ujio wa Gonçalves unaweza kuwa na akili kuliko unavyoonekana. Huyu siyo kocha aliyezoea kupewa miezi miwili ya maandalizi. Aliifundisha timu ya taifa ya Angola tangu 2019, akaifikisha robo fainali ya AFCON 2023 ambako ilitolewa na Nigeria kwa bao moja, baada ya kuongoza kundi lenye Algeria na Burkina Faso. Kocha wa timu ya taifa anapata wachezaji siku chache kabla ya mechi, nusu yao wametoka kwenye ndege. Hana muda wa kufundisha mambo kumi, anachagua mawili. Anachukua watu alionao na kuuliza wanaweza nini leo. Kwa timu iliyopitia mikono mingi kiasi hiki, mtu wa namna hiyo anaweza kufaa kuliko mwalimu mwenye daftari nene.

Angola yake haikuwa timu ya kushika mpira kwa ajili ya kushika. Ilikuwa inakubali kusubiri, halafu inatoka kwa kasi ikiwa na Gelson Dala na Mabululu mbele. Hilo linaendana na Conte, na Maxi, na Dube, kuliko pasi za taratibu. Lakini hapo hapo kuna mtihani wa jukwaani. Shabiki wa Yanga aliyekataa pasi za nyuma za Folz, je, atakubali timu inayosubiri? Gamondi aliwazoesha wali na kuku. Ukimwekea ugali dagaa, hata ukiwa umepikwa vizuri, ataanza kwa kunung'unika.

Majirani wanatazama. Simba ilimpoteza Fadlu Davids Septemba 2025, aliyeondoka mwenyewe kwenda Raja Casablanca miezi minne tu baada ya kuipeleka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Novemba 2025 ilikuwa na Dimitar Pantev ikitafuta upya ilichokuwa nacho. Azam ilimchukua Ibenge, ikampa nafasi ya kusajili watu wake, na msimu wa 2025/26 ikaingia makundi ya Shirikisho kwa mara ya kwanza katika historia yake. Singida Black Stars nayo ilikuwemo kwenye makundi hayo, ikiwa na Gamondi kwenye benchi na Aucho katikati. Shirikisho la soka liliona hilo na mapema Novemba 2025 likamkabidhi Gamondi Taifa Stars pia. Mtu aliyeonekana amekwisha Jangwani mwaka 2024 hakukaa hata msimu mmoja bila kazi.

Msimu wa 2025/26 Yanga ilipangwa na Al Ahly, AS FAR na JS Kabylie. Hakukuwa na Wiliete humo. AS FAR ndiyo iliyokuwa ya kwanza, Novemba 22, 2025 kwenye Uwanja wa New Amaan Complex, Zanzibar, na Waarabu wa Rabat siyo timu ya kuachia mabeki wako wa kati wakae na mpira wanavyotaka. Walitarajiwa kupanda kuwabana Bacca na Job, kumfungia Diarra njia fupi, na kusubiri kuona nani anashuka kuomba.

Gonçalves alikuwa na majibu matatu, na kila moja lilikuwa na bei. Angemshusha Abuya, mpira ungetoka vizuri lakini Pacome angebaki mpweke mbele. Angewaweka Conte na Mudathir pamoja, katikati pangekuwa pagumu kupitika ila ingebidi mipira mirefu ipigwe kwa Dube. Angemwacha Pacome aendelee kushuka mwenyewe, ingekuwa ni Yanga ile ile ya Septemba, na jukwaa la Amaan lingeitambua kabla ya dakika ya 20.