Kidole Kidogo na Kiti cha Mbele



Vijana wapendwa, kuna ugonjwa unaotafuna vikundi vyetu, na kwa kuwa sisi wakubwa ndio tuliowaambukiza, ni haki tuutaje kwa jina lake: ni tamaa ya kuonekana. Kikundi cha watu kumi na wawili kina Prezida, Makamu wa Prezida, Mshauri wa kwanza, Mshauri wa pili na Mkuu wa Protokoli. Wa kufagia kanisa siku ya Jumamosi hapatikani. Uchaguzi wa kamati unaigawanya kwaya nzima, na aliyeshindwa anahamia parokia nyingine pamoja na sauti yake. Hiyo si huduma. Ni siasa iliyovaa kitambaa cha kanisa.

Msidhani ninawatupia mawe nikiwa nimesimama kando. Kwaresima moja nilifuatana na vijana kwenda Gereza la Kasapa, tukiwa na sabuni na unga wa bukari. Mbele ya lango tulipiga picha nyingi. Ndani, hotuba zilikula wakati: kila mwenye cheo alitaka kusema, nami nilisema kuliko wote. Mfungwa mmoja, kijana, alinishika mkono, akaanza kunieleza habari za mama yake. Nilitazama saa, nikamwambia, «Tutaongea mara ijayo.» Tuliporudi baada ya Pasaka hakuwapo tena, wala sikuweza kumwulizia, kwa maana sikuwa nimemwuliza jina. Sabuni ilifika, mimi sikufika. Na Bwana wetu hatatuuliza tu tulipeleka nini gerezani. Atatuuliza kama tulimwendea.

Katanga yetu ilikwisha kufundishwa somo hili. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kwa miaka mingi alifundisha kama bwana ajuaye yote. Kisha akaanza kuuliza badala ya kuagiza: mnatamani nini? Watu wakamweleza habari za uzima, uzazi na mapendo, naye akatambua kwamba tamaa hizo zilikuwamo ndani yake pia. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa mjini kwetu hapa mwaka 1945. Baadaye, kati ya wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi na wake zao, ikazaliwa Jamaa. Najua kwamba Jamaa ilipata magumu yake, na maaskofu walilazimika kuonya. Lakini hatua ile ya kwanza, ya mwalimu kushuka kitini na kusikiliza, hakuna aliyeifuta. Ni aibu kwamba padri mgeni aliweza kukiacha kiti chake, nasi wana wa nchi tunagombania viti vya plastiki vya mbele.

Wengine watanijibu: «Baba katekista, kijana wa kwetu anadharauliwa kila mahali. Hana kazi, na diploma yake imelala sandukuni. Mwachieni walau cheo cha parokia.» Hoja hiyo ina uzito. Lakini cheo hakiponyi dharau, kinaihamisha tu: aliyedharauliwa jana anapata wa kumdharau leo.

Wengine wataogopa kwamba unyenyekevu ni kuinamisha kichwa mbele ya wenye nguvu. Mtazameni Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Alikuwa na kazi katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa. Wengi wetu tungetumia nafasi hiyo kujijenga. Yeye alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, akauawa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Na kijana huyo huyo, pamoja na Jumuiya ya Sant'Egidio, aliwapa watoto wa mitaani wakati wake. Kichwa chake hakikuinama mbele ya fedha. Mgongo wake uliinama mbele ya mtoto. Huo ndio unyenyekevu, na woga hauna sehemu ndani yake.

Papa Fransisko alipokutana na vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, alitufundisha kwa vidole vya mkono. Kidole cha mwisho, kilicho kidogo kuliko vyote, alikipa huduma. Tulipiga makofi, kisha tukarudi nyumbani kugombania kidole gumba.

Basi naomba jambo moja. Kabla ya uchaguzi ujao wa kamati, kila anayetaka cheo aende kwanza kwa mgonjwa, kwa mjane au kwa mfungwa, wawili wawili, simu ikibaki nyumbani. Aketi, asikilize, arudi tena. Siku ya uchaguzi asiulizwe mipango yake. Aulizwe majina ya watu watano aliowatembelea zaidi ya mara moja, na walimweleza nini. Asiyeweza kujibu asihukumiwe, bali apewe ufagio wa Jumamosi. Mimi nitakuwa pale pamoja naye, kwa maana swali hilo lingeniangusha mimi wa kwanza.