Wazazi wakisema hawana haja ya kitu

Mjini Bunia, mtoto akipata mshahara wa kwanza, marafiki wanamuuliza mapema ameleta nini nyumbani. Mkono mtupu haulambwi, na hakuna anayetaka kusemwa kwamba amekula peke yake. Lakini kuna nyumba ambako kuchagua zawadi kunakuwa kazi ngumu. Baba ana parsele yake Mudzipela ao Nyakasanza, mabati yako juu, vyumba viwili vya nyuma vinapangishwa. Mama ana meza yake sokoni na hajawahi kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Mtoto akiuliza awanunulie nini, wanamjibu kwamba wao hawana haja ya kitu, afikirie maisha yake.

Jibu hilo linauma kidogo, kwa sababu deni si dogo. Kijana wa Bunia anayefikia miaka 30 leo alianza masomo ya msingi wakati wa vita. Mwezi wa tano 2003 mji uliwaka moto, mpaka jeshi la Ulaya, lililojulikana kwa jina la Artemis, likaletwa mwezi wa sita. Familia nyingi zilikimbilia upande wa Beni, wengine wakavuka mpaka wa Uganda, na kule ugenini wazazi wakaendelea kutafutia watoto shule. Na shule haikuwa ya bure. Kwa miaka mingi mzazi ndiye aliyetoa ile prime ya mwalimu, mwezi kwa mwezi, tangu darasa la kwanza. Masomo ya msingi ya bure yalianza kutumika katika shule za serikali mwaka 2019 tu. Kijana anayevaa toga leo alisomeshwa franga kwa franga, na anajua.

Basi anaenda kununua. Kwa mama ni vikwembe, tena vya bei. Kwa baba ni simu kubwa, na mwenye uwezo zaidi analeta televisheni ya ukutani, ambayo itafunikwa kitambaa kwa sababu umeme unakuja na kwenda. Miezi mitatu baadaye kile kikwembe kinaonekana kanisani, kimevaliwa na shangazi. Mtoto anakasirika. Hasira hiyo haina haki: mtu aliyezoea kutoa hawezi kufundishwa kuficha kitu sandukuni kwa sababu tu kimetoka kwa mtoto wake. Mama alipokea, akafurahi, kisha akaona mtu mwenye haja kuliko yeye. Ndiyo tabia ileile iliyomsomesha mtoto huyo.

Kosa ni kuangalia mwili wa mzazi na kabati lake, na kusahau kuangalia nyumba yake usiku. Tangu mwisho wa 2017, mauaji yalipoanza tena katika teritwari ya Djugu, watu wameingia Bunia kwa maelfu. Wengine walikaa chini ya mahema, kwanza karibu na Hospitali Kuu na ISP, kisha Kigonze. Kambi hizo zinaonekana, mashirika yanazitembelea, wapiga picha wanafika. Wale ambao hawakuingia kambini walibisha mlango wa ndugu. Nyumba nyingi za wazee wa Bunia zilijaa namna hiyo, na nyingine hazijapungua mpaka leo: mjukuu wa dada, mtoto wa mtu wa kijiji kimoja, msichana aliyefika na jirani na hakuna aliyekuja kumchukua. Mikeka inatandikwa mpaka jikoni. Hakuna projet inayolipa sombe na bugali wanavyokula.

Baba wa nyumba hiyo akisema hana haja ya kitu, hasemi uongo. Kwa ajili yake mwenyewe hana. Wale watoto watano hawahesabu kama haja. Kwake ni watu wa nyumbani. Lakini mwezi wa tisa ukifika, yeye ndiye anayetafuta minervali. Mpango wa masomo ya bure unaishia shule ya msingi. Sekondari inalipwa, na mwaka wa mwisho unakuja na gharama za mtihani wa serikali juu yake.

Hapo ndipo kuna zawadi ambayo haitalala sandukuni. Mtoto mwenye mshahara anaweza kuchukua mmoja wa wale watoto na kubeba minervali yake mpaka diplome. Si wote watano. Mmoja, lakini asimuache katikati. Mzazi aliyekuwa anagawa vipato vyake kwa watoto watano sasa atagawa kwa wanne, na kwa mtu wa miaka 65 tofauti hiyo inaonekana katika usingizi wake.

Namna ya kufanya ina uzito kuliko kiasi. Mtoto anayefika na gari mbele ya shule, analipa kwa kelele na kumwambia yule mwanafunzi kwamba tangu leo amshukuru yeye, amemnyang'anya baba yake kitu. Afadhali amkabidhi baba pesa jioni, wakiwa wawili, baba mwenyewe aende kulipa na risiti ikae kwake. Mtoto wa ndugu ataendelea kujua kwamba ni mzee ndiye anayemsomesha. Kuna vijana ambao hawatapenda shauri hili, kwa sababu wanataka jina lao lisikike. Basi hao wanunue televisheni.

Kuna zawadi nyingine, isiyo na uzuri wowote wa kupigiwa picha: karatasi. Wazee wengi wa mji walinunua parsele kwa barua ya kuuziana na sahihi za mashahidi, ambao baadhi wamekufa, na wengine walipoteza hata barua hiyo wakati wa kukimbia. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 iko wazi: haki juu ya ardhi iliyotolewa na serikali inathibitishwa na cheti cha usajili. Barua ya kuuziana ni mwanzo wa njia, wala si cheti. Kufuata njia hiyo mpaka mwisho kunataka pesa ya kupima, kodi za serikali, na miguu ya kurudi ofisini mara kumi. Pesa mzee anaweza kuwa nazo. Miguu ndiyo inayokosekana.

Ndoa nayo ni hivyohivyo. Wengi walioana kimila, mahari ikatolewa, kanisa likabariki, na hakuna aliyefika kwenye ofisi ya eta sivili ya komine. Sheria ya familia ya 1987 inaitambua ndoa ya kimila, lakini inataka iandikishwe. Sheria hiyohiyo inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mume wake. Mama asiye na karatasi hata moja ndiye anayekutana na ndugu za marehemu mlangoni kabla matanga hayajaisha.

Hapa lazima tahadhari. Mtoto anayekuja peke yake kuzungumzia cheti cha parsele atadhaniwa anapima urithi, na mara nyingine ni kweli. Jambo hili lifanywe na ndugu wote wakiwa wanajua, wasichana pamoja na wavulana, na majina yanayoandikwa yawe ya wazazi. Mzazi akikataa, asisukumwe. Anaweza kuwa na sababu ambayo hajawaambia watoto.

Kuhusu wazazi ambao nyumba yao haina mtoto wa mtu, ambao karatasi zao ziko sawa na ambao bado wanasema hawana haja, kazi ni nyepesi: kuku mmoja, samaki wa Kasenyi, na mtoto akae mezani mpaka chakula kiishe bila kushika simu. Wanaoishi Kinshasa ao Kampala wapange safari kabla ya kupanga zawadi.

Kwa wale walioamua juu ya minervali, tarehe ina maana. Shule za sekondari zinaanza kufukuza wasiolipa wiki chache tu baada ya kufungua mwezi wa tisa. Pesa inayofika mwezi wa kumi na mbili pamoja na kado za Noeli inamkuta mzee amekwisha kukopa.