UCHAMBUZI: Deni la corona kwa wanamichezo wanafunzi wa Nakuru halijalipwa

Machi 12, 2020, Shirika la Kitaifa la Michezo ya Vyuo nchini Marekani (NCAA) lilifuta mashindano yote ya ubingwa yaliyosalia katika majira ya baridi na ya machipuko. Timu za vyuo za mpira wa magongo wa barafuni, ambazo zilikuwa zimecheza tangu Oktoba zikilenga fainali za Aprili jijini Detroit, ziliambiwa zifunge virago.

Siku hiyo hiyo, kisa cha kwanza cha Covid-19 kilithibitishwa nchini Kenya, na Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, akakitangaza kesho yake. Jumapili ya Machi 15, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza taasisi zote za elimu zifungwe. Shule za kutwa zilifungwa Jumatatu, za bweni zikapewa hadi Jumatano, na vyuo vikuu hadi Ijumaa, Machi 20.

Hivyo ndivyo mwanafunzi anayecheza juu ya barafu kule Massachusetts na yule wa raga au mbio kule Njoro walivyopatwa na mkasa mmoja katika juma moja. Kilichowatenganisha ni yaliyofuata. Katika nchi moja, wasimamizi waliketi na kuuliza ni nani anastahili kurudishiwa msimu wake. Katika nchi nyingine, swali hilo halikupata jibu lolote rasmi, na hadi sasa halijapata.

Kwa Nakuru na eneo zima la kati la Bonde la Ufa, hilo si jambo dogo. Hapa michezo ya vijana imeegemea mno shule na vyuo. Lango la taasisi likifungwa, timu nayo hukoma kuwapo.

Timu bila makao

Mfano ni Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka wa 1939 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987. Timu yake ya raga, Wasps, hukusanya vijana kutoka pembe zote za nchi. Uwanja wa mazoezi, bweni, chakula na basi la safari vyote hutoka chuoni.

Chuo kilipofungwa, kijana mmoja alirudi Bungoma, mwingine Kisii, mwingine Turkana. Masomo yaliweza kuhamishiwa kwenye intaneti, japo kwa taabu, lakini hakuna anayeweza kusukumana katika skramu kupitia simu.

Klabu za mjini zilipata hasara pia. Ligi kuu ya raga nchini, Kenya Cup, ambayo Nakuru RFC iliwahi kuitwaa mara mbili mfululizo, 2013 na 2014, ilikatizwa msimu wa 2019/20 ukiwa ukingoni, na bingwa hakutawazwa. Mashindano ya kitaifa ya raga ya wachezaji saba kila upande, ambayo huleta maelfu ya wageni Nakuru wakati wa Prinsloo Sevens, hayakufanyika mwaka huo.

Hata hivyo, klabu huwa na kesho. Mchezaji wa Nakuru RFC au wa Menengai Oilers aliyekosa mwaka wa 2020 aliweza kurejea uwanjani mechi ziliporuhusiwa tena. Ulinzi Stars, klabu ya kandanda ya wanajeshi iliyojijengea jina katika uwanja wa Afraha, ina mwajiri ambaye hafungi kazi kwa sababu ligi imesimama.

Mwanafunzi hana kinga hiyo. Muda wake umehesabiwa: miaka minne ya sekondari au minne ya chuo kikuu. Msimu ukipita, umri nao umepita.

Kufuli la pili

Nakuru ilikuwa na mkosi wa ziada. Wakati Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zilipofungiwa usafiri Aprili 2020, kaunti hii haikuguswa. Zamu yake ilifika Machi 26, 2021, Rais Kenyatta alipoitaja pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado kuwa eneo moja lililoathirika na maradhi. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka, na kafyu ikaanza saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. Michezo iliyokuwa imeanza kufufuka ikasimamishwa tena.

Vikwazo hivyo vililegezwa Mei 1, 2021, lakini kafyu ya kitaifa haikuondolewa hadi Oktoba 20 mwaka huo.

Shuleni, mambo yalikuwa magumu zaidi. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12, 2020, na wengine wote Januari 4, 2021. Ili kufidia miezi iliyopotea, mihula ilibanwa na likizo zikakatwa hadi kalenda iliporejea hali yake ya kawaida Januari 2023. Katika ratiba iliyojaa mitihani namna hiyo, cha kwanza kutupwa nje kilikuwa michezo.

Mashindano ya shule za Afrika Mashariki (FEASSSA), ambayo ndiyo kilele cha ndoto ya mchezaji wa sekondari, hayakufanyika 2020 wala 2021. Yalirejea Arusha mwaka wa 2022.

Hesabu yake ni rahisi. Aliyekuwa Kidato cha Tatu Januari 2020 aliufanya mtihani wa KCSE Machi 2022 bila kuiona michezo hiyo katika miaka yake miwili ya mwisho, ambayo ndiyo mwili huwa umekomaa na makocha huwa wanatazama. Aliyekuwa Kidato cha Pili alibakiwa na nafasi moja tu, ya mwaka wa 2022. Wa Kidato cha Nne aliondoka bila hata kuaga.

Waliozaliwa 2001

Riadha inaonyesha jeraha hili waziwazi kuliko mchezo mwingine wowote, kwa sababu umri wake hupimwa kwa kalenda.

Mashindano ya dunia ya chipukizi wasiozidi umri wa miaka 20 yalipangiwa kufanyika Nairobi Julai 2020. Yaliahirishwa hadi Agosti 2021. Kenya iliongoza jedwali kwa medali 16, nane zikiwa za dhahabu, na nchi ikashangilia japo uwanja wa Kasarani ulikuwa bila mashabiki.

Lakini kanuni ilibaki palepale: mshiriki sharti awe hajatimiza miaka 20 kufikia Desemba 31 ya mwaka wa mashindano. Aliyezaliwa 2001 alistahili kukimbia Julai 2020, mbele ya watu wa nyumbani. Mashindano yaliposogezwa, yeye akawa amepitwa na umri. Hakuanguka mchujo wala hakujeruhiwa. Tarehe ndiyo iliyomtupa nje.

Thamani ya fursa kama hiyo inafahamika vizuri Keringet, katika Kuresoi Kusini. Huko ndiko alikotoka Bi Faith Kipyegon, aliyesomea shule ya Winners Girls. Alizaliwa Januari 1994, na mwaka wa 2012 akawa bingwa wa dunia wa chipukizi wa mita 1,500 jijini Barcelona. Mashindano hayo hufanyika kila baada ya miaka miwili. Yaliyofuata, 2014, yalimkuta ameshavuka umri.

Ni kweli kwamba alikuwa amekwisha kutambulika katika mbio za nyika, na huenda angefika alikofika kwa njia nyingine. Leo ana dhahabu tatu mfululizo za Olimpiki katika mbio hizo: Rio 2016, Tokyo na Paris 2024. Lakini si kila chipukizi huwa na njia ya pili. Wengi huwa na mlango mmoja, na ulifungwa wakati wamefika kizingitini.

Wengine walisogeza mipaka

Wapo watakaosema kwamba janga ni janga, na kwamba hakuna aliyeweza kufanya lolote. Ushahidi unaonyesha vinginevyo.

Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliposogezwa hadi 2021, kikomo cha umri katika kandanda ya wanaume kilibadilishwa. Waliozaliwa kuanzia Januari 1, 1997 waliruhusiwa kucheza ijapokuwa walikuwa wametimiza miaka 24, badala ya kuachwa kwa kanuni ya miaka 23.

Huko Marekani, NCAA iliamua mwishoni mwa Machi 2020 kuwarudishia mwaka wanamichezo wa majira ya machipuko. Oktoba mwaka huo, ikaamua kwamba msimu wa baridi wa 2020/21 hautahesabiwa katika miaka minne ya mwanafunzi. Uamuzi huo uliwafaa wachezaji wa magongo ya barafuni, ambao baadhi ya vyuo vyao, kama vile Harvard, Yale na Cornell, havikucheza kabisa msimu huo.

Hata hapo haki haikutimia yote. Wachezaji wa barafuni waliokuwa mwaka wa mwisho Machi 2020, ambao msimu wao ulikatwa karibu na tamati, hawakurudishiwa chochote. Na mwaka wa ziada ulikuwa na gharama yake: wakubwa walipobaki, nafasi za waliotaka kuingia zilibanwa.

Jambo hilo lina uzito katika Bonde la Ufa, ambako ufadhili wa masomo katika vyuo vya Marekani ni mojawapo ya ngazi ambazo wakimbiaji huziwania. Mkenya Edwin Kurgat, akiwakilisha chuo cha Iowa State, alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo hivyo Novemba 2019. Miezi minne baadaye, mashindano ya ndani ya ukumbi yaliyopangiwa Albuquerque yalifutwa kwa uamuzi ule ule wa Machi 12.

Hata nyumbani, mipaka ilisogezwa pale palipokuwa na nguvu ya kuisogeza. Safari Rally, iliyokuwa irudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2020 baada ya kukosekana tangu 2002, iliahirishwa na kupewa tarehe mpya. Juni 24 hadi 27, 2021, magari yaliingia Naivasha, ndani ya kaunti ile ile ya Nakuru iliyokuwa imefungwa wiki nane tu zilizotangulia.

Hakuna ubaya katika hilo; mbio hizo zilileta riziki. Lakini ni vigumu kumweleza mwanafunzi wa Gilgil au Molo kwa nini mbio za magari zilirudishiwa mwaka wao, na yeye hakurudishiwa wake.

Si mara ya kwanza, wala ya mwisho

Kufunga shule mwaka wa 2020 kulikuwa na sababu nzito, na uhai hutangulia mchezo. Hoja si kwamba malango yangeachwa wazi. Hoja ni kwamba hakukuwa na kanuni iliyosema yakifungwa itakuwaje, na itakuwaje yakifunguliwa.

Eneo hili linajua kufungiwa. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha, familia zilikimbia makwao na watoto wakapoteza masomo. Migomo ya wahadhiri ya 2017 na 2018 ilikwamisha vyuo vikuu vya umma. Mwaka wa 2024, mafuriko yaliyoleta maafa Mai Mahiu yalisukuma mbele ufunguzi wa shule kote nchini hadi Mei 13. Kila mara, michezo ya wanafunzi huwa ya kwanza kuahirishwa na ya mwisho kukumbukwa.

Uzito wa suala hili umeongezeka tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walipoingia Gredi ya 10. Sanaa na Sayansi ya Michezo sasa ni mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo katika sekondari ya juu. Zamani msimu uliopotea ulihesabiwa kuwa burudani iliyopotea. Kwa mwanafunzi wa mkondo huu, ni sehemu ya masomo yenyewe.

Hatua zinazohitajika si za gharama kubwa. Wizara ya Elimu na vyama vya michezo ya shule na vyuo vikuu vinaweza kuandika, mapema na kwa lugha iliyo wazi, kanuni ya msimu uliokatizwa: ni wakati gani umri utahesabiwa upya, na ni mashindano gani ya fidia yatakayoandaliwa kwa walio katika mwaka wa mwisho.

Si lazima mwanafunzi abakishwe darasani kwa ajili ya mpira. Anaweza kupewa jukwaa la mwaka mmoja kupitia klabu au kaunti, ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi jukumu la michezo na viwanja katika eneo lake. Klabu za Nakuru nazo zinaweza kuwasajili vijana wa shule na vyuo jirani wakiwa bado wanasoma, ili lango likifungwa wawe na mahali pengine pa kuitwa wachezaji.

Waliozaliwa 2001 hawawezi tena kuwa chipukizi, na waliokuwa Kidato cha Tatu mwaka wa 2020 sasa ni watu wazima wenye kazi na familia. Deni lao halilipiki kwa medali. Linaweza tu kulipwa kwa wadogo zao, kabla amri nyingine ya kufunga shule haijatolewa.