Maili za Ndege: Zichaguliwe Vipi, na Ni za Nani?

Msomaji wetu mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, ametuandikia barua akitutaka shauri. Yeye huenda Dubai mara sita au saba kwa mwaka kununua bidhaa katika masoko ya Deira. Mkewe humfuata mara mojamoja, na mtoto wao mkubwa, aliyeajiriwa na kampuni moja mjini, naye hupelekwa huko na mwajiri wake. Kila shirika la ndege lawataka wajiandikishe kwake wapate maili, na kila rafiki ana lake la kulisifu. Auliza: wajiunge na lipi? Na chini kabisa ya barua ameongeza swali fupi, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa: je, maili azipatazo kijana kwa tiketi ya mwajiri, yafaa nyumba nzima izitumie?

Mipango hii si ya jana. American Airlines ya Marekani ilianzisha wake mwaka 1981, na wapinzani wake wakafuata upesi kwa kuchelea kupoteza wateja. Shirika humwandikia msafiri hesabu kwa kila safari, na hesabu ikifika kiasi kilichowekwa humpa tiketi, au kiti bora, au ruhusa ya mizigo zaidi. Halitoi kwa mapenzi. Lataka arudi kwake hata siku ambayo mwenziwe ana nauli nafuu. Ajuaye hayo hununua kwa macho mawili. Asiyejua atalipa laki mbili zaidi ili apate maili za thamani ya elfu thelathini, kisha ajione amefaidi.

Basi na tuitazame njia yake. Toka Dar es Salaam hata Dubai ni kama kilomita 4,000, na Emirates na flydubai zote mbili huenda moja kwa moja. Tangu mwaka 2018 mashirika haya mawili yana mpango mmoja wa maili, uitwao Skywards. Kwa hiyo msafiri akipanda hili leo kwa unafuu wa nauli, na lile mwezi ujao kwa kufaa kwa saa, hesabu yake ni ile ile. Tena mpango huo waruhusu watu wa nyumba moja kuzikusanya maili zao pamoja. Jambo hili latupendeza, maana maili chache za mama na chache za mtoto, kila moja peke yake, mara nyingi hufa bila ya kumnufaisha mtu.

Nazo hufa kweli. Maili za Skywards hudumu miaka mitatu, na huondoka mwisho wa mwezi aliozaliwa mwanachama. Sisi wenyewe tuliwahi kuweka maili kwa shirika moja, hatulitaji, tukingoja zitimie tiketi ya kwendea Umra. Siku tuliyofungua hesabu tulikuta sifuri. Walikuwa wameandika tarehe wazi. Sisi ndio hatukuisoma.

Kwa mtu wa njia hii moja tu, basi, hatuoni haja ya kutafuta mbali. Lakini ikiwa safari zake huchanganyika, mambo hugeuka. Emirates haimo katika umoja wowote wa mashirika. Kenya Airways na Saudia zimo katika SkyTeam. Ethiopian Airlines imo katika Star Alliance. Qatar Airways imo katika oneworld, na Oman Air ikaingia humo mwaka 2025. Faida ya umoja ni kwamba safari ya shirika moja yaweza kuandikwa katika hesabu ya shirika jingine. Nyumba ambayo baba huenda Nairobi kila mara, na yenye nia ya kwenda Jidda kwa Umra, yaweza kuzitia safari hizo mbili katika hesabu moja ya SkyTeam. Watu wengi hawalijui hili. Hudhani ni lazima ujiunge na lile unalolipanda. Ila na waulize kabla ya kulipa, kwani tiketi za bei ya chini kabisa pengine huandikiwa maili kidogo mno, au haziandikiwi kitu.

Neno "bure" nalo litazamwe. Mwenye tiketi ya maili bado hudaiwa kodi za viwanja vya ndege, na mara nyingine ada ambazo shirika lenyewe limeziongeza, hata ikawa alichookoa si kingi. Viti vya maili ni vichache, na msimu wa likizo huadimika. Na bei yake kwa maili shirika hulibadili litakapo. Air Berlin ya Ujerumani ilipofilisika mwaka 2017, waliokuwa wamejiwekea maili kwa miaka walibaki na karatasi. Mtu asiziweke kama dhahabu. Akizipata na azitumie.

Kwa mfanyabiashara kama ndugu yetu huyu, twadhani kilo za mizigo zina uzito kuliko maili. Kabla ya yote na alinganishe nauli pamoja na mizigo inayoruhusiwa, kisha maili zije nyuma. Na kadi za benki zinazoahidi maili kwa kila ununuzi, aziepuke ikiwa hana hakika ya kulipa deni lote kwa wakati wake, kwani likichelewa laingia riba, na hapo hatuna la kujadiliana.

Sasa tuje kwa kijana. Shirika huandika maili kwa jina la aliyekaa kitini, si la aliyetoa fedha. Lakini jina daftarini si hoja ya kutosha. Katika Ujerumani, mwaka 2002, Gregor Gysi alijiuzulu cheo chake katika serikali ya jiji la Berlin kwa sababu alizitumia kwa safari zake mwenyewe maili alizozipata kwa safari za kazi. Mwaka 2006 mahakama kuu ya kazi ya nchi hiyo iliamua kuwa mwajiri aweza kumtaka mfanyakazi azitumie maili hizo kwa safari za kazini. Marekani ilikwenda njia nyingine: sheria ya mwaka 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu wazichukue, baada ya kukatazwa muda mrefu. Kwa hiyo jibu hutoka kwa mwenye mali, naye ni mwajiri. Akiridhia, ni zawadi njema, na mama na azitumie kwa amani. Akinyamaza, kijana na amwulize. Swali lenyewe halichukui dakika mbili. Waislamu tunakijua kisa cha mkusanya zaka aliyerudi kwa Mtume (s.a.w.) akatenga fungu aliloliita zawadi yake, na jinsi alivyokemewa.

Liko na jambo zito kuliko hilo. Kijana akiachiwa kuchagua ndege, akamchagulia mwajiri iliyo ghali ili maili zake ziongezeke, huyo amekula amana, na ruhusa ya kuzichukua maili haimtakasi.

Punguzo alitoalo muuzaji kwa hiari yake, kwa mtu aliyelipa fedha yake mwenyewe, hatuoni ubaya wake. Baba na mama na wajiandikishe, kujiunga hakulipiwi. Na ikiwa ile safari ya mwezi uliopita haikuandikwa, bado wakati upo: shirika hupokea madai kwa muda baada ya safari, maadamu nambari ya tiketi na kile kipande cha kupandia ndege havijatupwa.